Mlio wa Ndoo

"Wamesema nini? Sema basi, shemeji, usinitese."

Mama Ndoo alikuwa ndani ya bwawa dogo, maji kiunoni, akisugua ukoga ukutani. Juu, mbali kidogo na ukingo, alisimama msimamizi wa mabwawa, mdogo wa marehemu mumewe, simu sikioni. Kituo kizima cha ufugaji samaki kilimwita Tisa, kwa hesabu ya vidole vyake.

"Amejifungua," Tisa akasema. "Wa kike. Mama na mtoto wazima."

Tangu jana bintiye alikuwa katika uchungu, na tangu jana Mama Ndoo hakuwa amemeza hata chai. Sasa furaha ikampanda kichwani. Ngoma hakuwa nayo. Ndoo alikuwa nayo. Akaigeuza, akaipiga matako kwa mpini wa brashi, akacheza humo humo majini, kiuno huku, kiuno kule.

"Ungecheza hivyo siku ya harusi, kaka angetoroka," Tisa akasema.

"Kaka yako ndiye aliyekuwa anapiga ngoma. Muulize."

Wakacheka. Kisha uso wa Tisa ukabadilika. "Shemeji. Ndoo."

Mkono wa Mama Ndoo ukaganda hewani. Mlio ule ndio aliomzoesha papa wa bwawa la pili: ndoo ikilia, chakula kimefika.

Nyuma ya mlango wa nondo uliotenganisha mabwawa, katika bwawa kubwa, maji yakafura. Daktari wa kituo, binti mpole asiyeweza kuua hata mende, ndiye aliyechezea vinasaba vya papa yule ili akue upesi, nyama iwe nyingi. Akakua upesi kweli. Njaa nayo ikakua, ikampita mwenyewe. Alimaliza wenzake wote, kisha akamchukua mzamiaji aliyeshuka kuziba ufa. Tisa alijaribu kumvuta mtu yule, akarudi na jina jipya. Tangu siku hiyo hakusogelea maji. Hata ya beseni aliyatazama kwa jicho la pembeni.

Papa akaupiga mlango. Akaupiga tena. Bawaba zikaachia.

Ngazi ilikuwa ukuta wa pili. Mama Ndoo aliliona pezi likimjia, pana kama mlango wa kabati. Akageuza macho kumtafuta shemeji yake. Hayupo. Kakimbia, akawaza, wala hakumlaumu. Mjukuu wangu, nimuone tu. Hata mara moja.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mlio ulitoka ng'ambo ya bwawa kubwa. Pezi likasita. Likageuka taratibu, kama mtu aliyesikia akiitwa nyumbani, na mkia ukampiga Mama Ndoo kumbo la kumbandika ukutani. Akaifikia ngazi, akapanda kama msichana.

Ndipo akamwona Tisa. Alikuwa amepiga magoti ukingoni kabisa, ndoo ya akiba mbele yake, anatupa samaki mmoja mmoja majini.

"Kula, mlafi wee," alikuwa akisema. "Kula, usibakishe. Sina vidole vya kugawa kila siku."

Mama Ndoo akaketi sakafuni, akacheka hadi machozi yakamtoka. Daktari alifika mbio, kiatu kimoja mguuni. Akatazama mlango uliong'oka, akamtazama Mama Ndoo.

"Basi," akasema kwa sauti ndogo. "Hapa ndio mwisho. Bwawa litakaushwa."

Jioni, wodini, Mama Ndoo alikuwa bado ananuka samaki licha ya kuoga mara mbili. Alimpakata mjukuu wake, mwepesi kama mkate wa asubuhi. Nje, ukumbini, mtu akaangusha beseni la chuma.

Ngo.

Tisa akaruka. Mama Ndoo akashtuka. Mtoto akageuza kichwa kuuelekea mlio, akafungua kinywa, akaanza kutafuta.

"Njaa hiyo," bintiye akasema kitandani, akicheka kwa uchovu. "Ametoka kunyonya sasa hivi."

Mashemeji wakatazamana. Tisa akaficha mkono mfukoni.

"Utoe," Mama Ndoo akasema. "Huyu hana meno."

Tisa akautoa polepole, akanyoosha kidole. Vidole vidogo vikakizunguka, vikakishika kwa nguvu, vikaanza kukivuta kuelekea kinywani.