Matofali Juu ya Blanketi

Jumatatu saa nne asubuhi, siku ya kumi na moja tangu fundi saa ajilaze na kuugeukia ukuta, Baba Mkubwa alipiga hodi, akavua viatu, akaketi kwenye kiti cha pekee cha chumbani na kusema kwamba mwanaume hujikaza. Tofali la kuchoma likamdondoka kinywani, likatua juu ya blanketi la mgonjwa, usawa wa kifua. Baba Mkubwa akaligonga kwa kidole, akasikiliza.

"Limeiva," alisema. Nyumba yake ilikuwa imekwama usawa wa madirisha, mwaka wa nne huo.

Basi ukoo mzima ukapanga zamu. Binamu alimshauri mgonjwa afanye mazoezi. Likaanguka nusu tofali. Shangazi alimkumbusha kuwa wapo wenye shida kuliko zake, akaangusha la saruji, la inchi sita. Mama mkwe, mwenye pumzi ndefu kuliko reli, alisema una mke, una kazi, una macho mawili, mwanangu, unalilia nini. Yakashuka manne kwa mpigo. Kila mmoja alitoka pale mwepesi, akiisifu chai. Neno pole, likiwa peke yake, halikuangusha kitu, ila kwa watu wale pole haikuwahi kutembea peke yake.

Kitendawili cha nyumba ile kilikuwa chepesi: mzima ameutua, mgonjwa ameubeba. Hakuna aliyekitegua, wala mji haukuombwa.

Kila jioni mkewe, mshonaji, alikunja mikono ya gauni akamfukua mumewe, matofali akayapanga uani. Kila asubuhi Baba Mkubwa aliyafuata na toroli.

Mke alikuwa na kikaratasi cha kliniki: Alhamisi, kabla ya saa sita. Daktari alikuwa amemwambia kwamba huu ni ugonjwa kama ugonjwa wa goti, una dawa zake, muhimu mgonjwa afike. Na ili afike, ilibidi kwanza atoke chini ya matofali.

Jumatano mama mkwe alikuja na jino bovu, shavu limefungwa kitambaa. Alikaa kwa muda wa saa tatu akimenya viazi bila kutamka lolote. Hakuna kilichoanguka. Saa tisa fundi saa aliinuka, akaketi, akanywa chai nusu kikombe.

"Kesho tunaondoka saa ngapi?" aliuliza.

"Saa tatu," mkewe alijibu, na kwa tahadhari hakuongeza neno.

Alhamisi saa mbili na nusu, fundi saa akiwa ameshavaa kiatu kimoja, Baba Mkubwa aliingia na watu tisa. Ukuta wake wa upande wa jikoni ulikuwa umebakiza mistari mitatu kufikia paa. Mke aliwasihi wakae tu, wasiseme kitu.

"Tukae kimya, kwani tumefiwa? Mgonjwa hupewa moyo, mwanangu."

"Moyo anao, Baba. Mpeni njia."

Wakampa moyo. Mama mkwe, ambaye jino lake lilikuwa limeng'olewa jana yake jioni, alikuwa na akiba ya siku nzima. Saa sita kliniki ilifunga. Saa kumi mke, akichimba, alikifikia kiatu. Tarehe nyingine ilikuwa baada ya mwezi.

Alifungua kinywa amwambie mumewe kwamba angevaa upesi kidogo wangewahi. Akahisi ncha ya tofali kwenye ulimi, akalimeza. Lilimkaa tumboni siku mbili.

Mwezi haujaisha, Baba Mkubwa alihamia kwenye nyumba yake mpya. Alisimama mlangoni akaushukuru ukoo, mmoja mmoja, hata binamu na nusu tofali lake. Kuhusu fundi saa alisema, kwa masikitiko, kwamba huyo hakuchangia hata neno. Watu wakatikisa vichwa. Kisha, kwa kuwa nyumba ya fundi saa ilikuwa njiani, wakapita kumweleza.