Paa Langu la Kwanza

Kwa miaka ishirini na sita niliishi katika nyumba moja mjini Moroni, na kila aliyefika mlangoni aliuliza swali lile lile: "Hodi! Mwenyewe yupo?" Mimi nimekaa pale pale ukumbini, miguu nimenyoosha, redio inasema. Najibu: "Hayupo. Ameenda sokoni Volo Volo." Maana mwenyewe alikuwa Bahia, mke wangu. Kwetu Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume huja na sanduku lake la nguo, na siku ya kuondoka huondoka nalo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa, nikalima, nikapaka chokaa, nikavuta nyaya za umeme chumba kwa chumba, na bado nilikuwa mgeni.

Bahia alifariki mwishoni mwa mwaka 1985. Nyumba ikawa ya binti yetu, Oumi, mwalimu wa jiografia, ambaye alikuwa ameshaposwa na kijana mmoja karani, Chamsidine. Baada ya Idi kijana angehamia, yeye na sanduku lake. Oumi hakunifukuza, Mungu ni shahidi. Aliniambia, "Baba, chumba chako hakiguswi na mtu." Alisema kwa mapenzi, nami nikaudhika. Mkwe na mkwewe, wageni wawili, tupishane mlango wa bafu! Nilikuwa na miaka hamsini na tisa na nilikuwa nimechoka kukaribishwa.

Mwanamume mwingine angerudi kwa dada yake. Mama yangu alinizaa Unguja, mimi peke yangu, hakuzaa binti. Basi nikanunua gari. Lilikuwa Renault kuukuu la boksi lililowahi kubeba mikate, na hata baada ya kulisugua kwa sabuni siku tatu lilinukia hamira. Nikatia kitanda, meko, kabati la vyombo vyangu vya ufundi. Kilichobaki ni friji.

Nilikuwa nimetengeneza mafriji ya watu maisha yangu yote, lakini hili nililihitaji kwa uhai. Nina sukari. Kila asubuhi najidunga insulini, na dawa hiyo ikikaa kwenye joto inaharibika. Bila friji lililo langu, ningebaki kwenye friji la Oumi, yaani kwenye nyumba ya Oumi, mpaka nife. Na umeme wa mji siku zile ulikuwa wa kubahatisha. Ukikatika, tulikaa gizani tukitazama kule kambini kwa wale wazungu wenye bunduki walioshika nchi, ambako taa zilikuwa zikiwaka kama kuna harusi. Walikuwa na jenereta yao. Mimi nikaamua kuwa na jua langu.

Mouhidine, muuza vipuri pale Volo Volo, alikuwa na paneli za jua zilizobaki kutoka mradi fulani uliokufa. Zilikuwa za aina mbili. Kubwa, za wati arobaini, nyeusi na zenye kung'aa, paa langu lingebeba mbili. Ndogo, za wati kumi na nane, zingeenea nne, zikilazwa bapa bila kuacha nafasi. Nilizipima kwa kamba, nikapanda juu ya gari, nikashuka, nikapanda tena. Magoti yalinilaumu.

"Chukua kubwa, fundi," alisema Mouhidine. "Zina kitabu chake."

Kitabu hicho ndicho kilichonimaliza. Kilikuwa cha Kifaransa, karatasi laini, kina picha ya nyumba iliyozungukwa na theluji. Kilisema paneli zielekezwe kusini na ziinuliwe nusu ya pembe ya mraba. Zile ndogo hazikuwa na kitabu. Nilikisoma usiku kucha kama mtoto wa chuoni anayejiandaa kuhitimu.

Oumi alikuja kuniona nikichoma fremu ya chuma pale nilipoegesha, nje kidogo ya Ntsoudjini. Aliniletea uji. Akatazama ile fremu ilivyosimama mshazari juu ya paa, imeelekea nyuma ya gari.

"Baba, kwa nini usichukue zile ndogo ukazilaza? Jua letu linapita utosini."

"Kitabu kimeandikwa na waliozitengeneza."

"Waliozitengeneza hawakai hapa."

"Na mimi pia sikai hapa," nikamwambia. "Nyumba ni yako. Gari ni langu."

Alichukua bakuli, uji haujafika nusu, akaenda zake. Nilijua nimemuumiza, na kwa ukaidi wangu nikaendelea kukaza skrubu.

Ulikuwa mwezi wa kwanza. Nikaelekeza nyuma ya gari kusini, nikatia glasi ya maji ndani ya friji, na kesho yake maji yalinifanya nishike meno. Wiki nzima friji halikuzima. Nikamwonyesha Mouhidine ile glasi kwa majivuno, nikafunika paneli kwa turubai, nikairudisha dawa kwenye friji la Oumi, nikasubiri harusi.

Harusi ikapita baada ya Idi. Nilisimama mahali pa baba, nikala, nikashikana mikono na watu mia tatu, na mwezi wa saba nikapakia gari kwenye meli kwenda Mutsamudu, kisiwa jirani. Huko yuko Anziza, dada yangu wa baba mmoja. Baba yetu alikuwa baharia, alioa huku na kule. Nyumba ya Anziza imetoka kwa mama yake, kwa hiyo hainihusu. Nilichoomba ni ujirani tu, kile kiwanja kitupu kando ya uzio wake, kwenye njia ya kwenda Ouani.

Bandarini askari mmoja na mzungu wake walizitazama paneli kwa shaka. Walidhani ni mtambo wa redio, nataka kuzungumza na nchi nyingine. Nilifungua skrubu zote juani, wakachungulia chini yake, wakaona bati. "Za nini basi?" akauliza askari. Nikamwambia ni za kupozea dawa ya mzee. Wakacheka. Nikafunga skrubu zote tena.

Nikaegesha, nyuma ya gari kusini, kama kitabu kilivyosema. Siku ya pili friji likaanza kusita. Siku ya tatu likanyamaza. Nikapima betri: hai lakini dhaifu. Nikapima nyaya, nikasafisha viungo kwa msasa, nikafuta vioo vya paneli kwa kanzu yangu. Nilibadilisha kila kitu isipokuwa akili yangu. Sikio la kufa halisikii dawa. Mchana bati la gari lilikuwa tanuri, na chupa za insulini zilikuwa ndani ya friji lililokufa, vuguvugu kama maziwa ya mtoto. Ningeweza kumwomba Anziza anitafutie barafu. Sikumwomba. Niliendelea kujidunga dawa ile ile, nikijidanganya.

Kiu ikaja, kiu ya kumaliza ndoo. Siku ya kumi nilianguka kwenye kipandio cha gari, na Anziza akanikuta uso kwenye vumbi.

Hospitali walinirudisha kwenye uhai kwa dawa yao, wakanipa chupa moja ya kunisogeza siku chache. Anziza akaenda posta kumpigia Oumi simu. Niliporudi, nimejilaza kwenye mkeka wake uwanjani, nilikuwa nimekwisha kukata tamaa. Ningeuza gari. Ningerudi Moroni kwenye chumba kisichoguswa na mtu.

Anziza alikuwa akihamisha majamvi yake ya karafuu za mwanzo. Alikuwa anayavuta yote kutoka upande mmoja wa nyumba kwenda wa pili, anahema.

"Acha nikusaidie," nikasema, bila kuinuka.

"Lala. Nilianika mahali pabaya tu. Miezi hii jua linakaa upande wa kibla, kaka. Huku nyuma ni kivuli, karafuu zinaoza. Mwezi wa kwanza ndio linahamia huku."

Nilimtazama. Kisha nikatazama gari langu. Mara tano kwa siku nilikuwa nimetandika msala kando ya gurudumu, nimeelekea kibla, yaani kaskazini, jua likinipiga usoni, na juu ya kichwa changu paneli mbili zimekigeuzia kibla mgongo. Jua la mwezi wa kwanza lilikuwa upande wa kitabu, ndiyo maana maji yale yalipoa. Binti yangu alinifundisha somo la darasa la kwanza, nami nikamjibu nyumba ni yako. Niliona aibu mpaka machozi yakanitoka, na Anziza akadhani ni homa.

"Nisaidie kusimama," nikamwambia.

Kuligeuza gari kulinichukua muda wa kupika wali. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, Anziza akipiga kelele nisikanyage karafuu. Nyuma ya gari ikatazama kibla. Friji likakohoa, likanguruma. Nikatia glasi ya maji na ile chupa moja ya hospitali, nikalala kama gogo.

Asubuhi ya siku ya pili nilikuwa nimeketi kitandani, bado sina nguvu, nimeshika glasi ya baridi kwa mikono miwili. Nikasikia teksi ya Ouani ikisimama, nikasikia nyayo. Kupitia upenyo wa mlango nikaona sketi ya Oumi na mkononi chupa ya chai. Ndani yake alikuwa amebeba barafu na insulini kwa ndege kutoka Moroni, ameikumbatia njia nzima. Alisimama akazitazama paneli kwa muda, zilivyoelekea.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Angeweza kuingia tu, mtoto haombi ruhusa kwa baba yake. Badala yake alirudi hatua moja nyuma, akajitanda shiromani yake vizuri, akagonga bati mara tatu.

"Hodi!" akasema. "Mwenyewe yupo?"

Nikafungua mdomo, na jibu la miaka ishirini na sita likanijia lenyewe mpaka kwenye ulimi. Nikalimeza. Oumi akasubiri pale nje juani, hakusogea.

"Yupo," nikasema. "Karibu, mwanangu. Karibu ndani."