Ufunguo wa Ghala la Jua

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Gerishon alivua kofia, akainamisha kichwa na kuingia katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yake kuzijulia hali taa tatu ndogo, kila moja isiyozidi ukubwa wa punje ya hindi. Iliyowaka ikiwa ya kijani, siku yake ilikuwa imeanza vyema. Ikiwa ya njano, hata chai ilimshinda. Kulikuwa na ya tatu, nyekundu, lakini kwa miaka minne ya kuishi nayo haikuwahi kuwaka, hata Gerishon akaanza kuamini kwamba iliwekwa pale kama pambo.

Chini ya taa hizo, zilizoonyesha moto uliobaki, zilikaa betri zake mbili, zimepandishwa juu ya ubao zisipigwe na baridi ya sakafu, zimefunikwa blanketi ambalo Wamboi, mkewe, alilitafuta kabatini wiki nzima kabla ya kugundua nani anajifunika nalo. Juu ya paa palikuwa na sola aliyoinunua alipostaafu kiwanda kimoja cha matunda mjini Thika. Miaka yake yote kiwandani Gerishon alikuwa ameona umeme unavyofanya ukiamua kuondoka: mitambo inanyamaza, wakubwa wanakimbia huku na huko, mananasi yanachacha. Alitoka kule na kiinua mgongo chake na hofu moja kubwa, akaja navyo nyumbani, kijijini Theta.

Sisi majirani zake hatukuwa na umeme wowote. Milingoti mikubwa ya chuma ilipita kando ya mashamba yetu, ikiutoa umeme kwenye mabwawa ya Mto Tana na kuupeleka Nairobi, nao ulipita juu ya vichwa vyetu bila hata kutusalimu. Gerishon alipenda kusimama chini ya nyaya hizo na kutuhutubia.

"Mnaona hii?" angesema, fimbo ikielekea juu. "Haitatosha. Dunia inaongeza watu, na kila mtu anataka taa. Akipata taa anataka redio. Akipata redio anataka pasi, anataka friji. Huko China, huko India, hapa tu Mugutha. Miaka ishirini ijayo watu watagombania stima kama maji. Mwenye ameweka yake ndiye atacheka!"

Tatizo la Gerishon ni kwamba alikuwa anasema kweli. Mtu mwenye makosa unaweza kumrekebisha, lakini mwenye haki utamfanya nini? Kwa hiyo akaendelea kuweka. Taa ya sebuleni iliwashwa wakati wa kula tu, na waliokula polepole walimalizia gizani. Televisheni iliwashwa kwa taarifa ya habari, na habari zikiwa mbaya aliizima mapema, maana habari mbaya nazo zilikula moto uleule wa betri. Ufunguo wa kibanda aliuvaa shingoni.

Wamboi alikuwa ameomba kitu kimoja tu: taa ya jikoni. Jiko lake lilisimama peke yake uani, la mbao, limepakwa moshi ndani hadi kung'aa, na humo alipika, akamenya viazi na kuchambua mboga kwa koroboi iliyomtoa machozi. Mwaka wa kwanza Gerishon alimwambia wangoje mvua ziishe. Mwaka wa pili wangoje betri ya pili. Mwaka wa tatu wangoje, bila kusema wangoje nini. Mwaka wa nne Wamboi aliacha kuomba, na Gerishon akadhani ameridhika.

Mwaka huo, elfu moja mia tisa tisini na saba, ulipokuwa katikati, binti yao Kui alitangaza kwamba anaolewa. Alikuwa akifanya kazi Ruiru, na mchumba wake Ayub alikuwa mtoto wa Mzee Idarous na Bi Zubeida, wauza vitambaa wa mtaa wa Gitothua, watu waliojulikana mji mzima kwa vipimo vya haki na vicheko vikubwa. Wazazi wa Ayub wangekuja Theta Jumamosi, kubisha hodi rasmi.

Siku chache kabla ya ugeni, Gerishon aliinama kutafuta viatu vyake vizuri uvunguni, akakuta mkoba wa Wamboi umejaa nguo zilizokunjwa.

"Mama Kui, hii mkoba ni ya nini?"

"Ni yangu." Wamboi hakuacha kukunja shuka. "Wageni wakienda na mimi naenda. Nitakaa kwa dada yangu Mugutha. Wao walivutiwa stima mwaka jana."

"Mpaka lini?"

"Sijapanga kurudi, Baba Kui. Mimi nimechoka kukaa kwa giza na mwangaza imefungiwa hapo nyuma. Afadhali ningeolewa na mtu hana kitu. Huyo ningemwelewa."

Hakupandisha sauti. Angepiga kelele, Gerishon angejua la kujibu. Alitoka nje, akaenda kibandani, akafunua blanketi. Taa ilikuwa kijani safi, na kwa mara ya kwanza haikumfurahisha hata kidogo. Alitaka kurudi kumwambia mkewe kitu, lakini kila alichokifikiria kilianza na neno "ngoja".

Jumamosi ilifika na mawingu yake ya Julai, baridi ya kuvaa masweta mawili. Wageni walishuka kwenye pikapu mbele ya lango, Bi Zubeida akiwa wa kwanza kukanyaga matope na wa kwanza kuyacheka. Kiama, kaka mkubwa wa Gerishon, ndiye aliyeongoza mazungumzo, na mambo yalikwenda kama maji mteremkoni. Wazee walielewana, Kui akaulizwa kama anamjua huyu kijana, akajibu anamjua, akinamama wakapiga vigelegele. Chakula kikaliwa. Sisi majirani tulikuwa tumejaa uani, wengine tumealikwa na wengine tumenusa.

Gerishon alijaribu kujizuia, lakini damu ni damu. Akamshika Mzee Idarous mkono.

"Bwana mkwe, kuja nikuonyeshe kitu kidogo."

Tukawafuata wote. Gerishon alifungua kufuli, akavua kofia, akafunua blanketi kama anayemwonyesha mgeni mtoto mchanga.

"Wengine wanaweka mahindi," akasema, kifua mbele. "Mimi naweka jua. Hii ndiyo ghala yangu!"

Mzee Idarous alitazama betri, akatazama taa ya kijani, akaweka mkono kifuani kwa heshima. Kisha akageuka, akampita Gerishon, akatupita na sisi, akaenda moja kwa moja hadi aliposimama Wamboi na mwiko mkononi.

"Hongera sana, mama," akasema. "Nimezaliwa Ruiru na kukulia kwa majirani Wakikuyu. Najua ghala la nyumba ni la nani. Umelijaza vizuri, Mungu akuzidishie."

Kiama alicheka hadi akashika ukuta wa mabati, na mabati nayo yakacheka.

Kwa wasiojua, kwetu ghala lilikuwa la mwanamke. Bibi zetu walijenga maisha yao juu ya vile vijumba vya fito vilivyosimama kwa miguu minne, na aliyeinua paa lake kuchota alikuwa mama mwenye nyumba, hakuna mwingine. Mwanamume aliyekamatwa na mkono ndani ya ghala la mkewe alitungiwa nyimbo, na nyimbo hizo zilimfuata hadi kwa wajukuu zake.

"Gerishon!" Kiama alijifuta machozi. "Miaka nne umeingia kwa ghala ya mama, na unashika ufunguo? Ngai! Na tulikuwa tunakuita mtu mzima!"

"Hii si mahindi, Kiama. Ni betri."

"Nani ameita ghala? Ni mimi? Umesema mwenyewe, na mbele ya wakwe. Hiyo neno hairudi tena kwa mdomo."

Kiama alikuwa amesema kweli. Neno lililosemwa mbele ya wakwe siku ya kwanza ni kama saruji iliyokauka. Gerishon alisimama pale, kofia mkononi, akitafuta mahali pa kuweka macho, na macho yakaenda mbali zaidi ya alivyotaka. Yalikwenda utotoni, kwa mama yake. Baadaye alituambia mwenyewe kwamba hapo alisikia tena mkwaruzo wa kibuyu kwenye sakafu ya ghala, mwezi ule kabla ya mavuno, mama yake akichota punje za mwisho. Mkwaruzo huo ulimtisha akiwa mtoto, na uliendelea kumtisha hata alipokuwa na mvi. Lakini siku hiyo alisikia na kitu kingine juu ya mkwaruzo huo. Mama yake alikuwa akiimba. Akiwa ndani ya ghala tupu, huku watoto wa jirani wakingoja nje na bakuli, mama yake alikuwa akiimba. Mkwaruzo alikuwa ameukumbuka maisha yake yote, na wimbo alikuwa ameusahau.

Akautoa ufunguo shingoni. Kamba ilimkwama masikioni, tukacheka, naye akacheka kidogo.

"Mama Kui," akasema. "Shika. Ni yako."

Wamboi alifuta mikono kwa aproni, pande zote mbili, taratibu. Akaupokea, akaufunga kwenye pindo la leso yake.

"Haya," akasema. "Sasa leo tunasherehekea ama tunaangalia betri?"

"Mum," Kui akadakia, "Ayub alikuja na spika kwa pikapu. Ameogopa tu kuuliza."

Sitasahau alasiri ile. Spika mbili ziliwekwa juu ya mapipa ya maji, nyaya zikavutwa kutoka kibandani, na muziki ukapasua baridi ya Theta hadi ng'ombe wakaacha kula. Wamboi aliwasha taa ya sebuleni mchana kweupe, kwa raha tu. Televisheni ikageuzwa dirishani watoto waione. Watu waliokuwa wakipita barabarani waliingia bila kuulizwa wametoka kwa nani. Bi Zubeida alimfundisha Wamboi namna ya kuzungusha kiuno bila kusogeza mabega, Wamboi akamfundisha kurusha mabega bila kusogeza kiuno, na hakuna aliyefaulu.

Gerishon alikuwa akienda kuchungulia kibandani na kurudi. Safari moja alirudi amekunja uso, akamkaribia mkewe katikati ya wachezaji.

"Imekuwa ya njano."

"Nimeona."

"Na hakuna jua leo."

"Najua. Unaumia?"

Gerishon alifikiri. "Kidogo."

"Basi cheza," akasema Wamboi, akamshika mkono.

Akacheza. Alicheza vibaya sana, magoti yakienda kwake na mikono kwa kina Kiama, lakini alicheza. Wingu lilikuwa limeanza kugeuka rangi ya majivu alipochomoka tena kwenda kuchungulia, na safari hii tulimsikia akipiga kelele.

"Imewaka! Kujeni! Nyekundu imewaka! Kumbe inafanya kazi!"

Tulikimbia. Tulisukumana mlangoni, mmoja mmoja tukainama kuiona ile punje nyekundu, na Gerishon akituonyesha kwa kidole, akitabasamu hadi fizi. Tukiwa bado tumeinama, muziki ukakatika, taa ya sebuleni ikazimika. Kisha Bi Zubeida, kule uani, akachukua sinia, akalipiga kwa kiganja, na kuuendeleza wimbo palepale ulipokatikia. Tukaupokea. Tuliimba hadi wageni walipopanda pikapu, na hata walipoondoka waliondoka wakiimba.

Wamboi aliwasindikiza hadi barabarani. Gerishon alisimama langoni akihesabu vichwa ndani ya pikapu, akavihesabu tena, hadi alipoona mtu mmoja akirudi kwa miguu, leso mabegani. Aliogopa kumuuliza kama bado anaenda.

Asubuhi jua lilitoka mapema, kali kuliko kawaida ya Julai. Gerishon alitoka nje akamkuta Wamboi amefunga kitambaa chake cha kichwa cha safari, mkoba umetua mlangoni.

"Unaenda Mugutha?"

"Naenda Thika." Wamboi aliuinua mkoba kwa kidole kimoja. Ulikuwa mtupu. "Waya, swichi na taa ya jikoni. Unaonaje, itaenea hapa ndani?"

"Itaenea. Nikusindikize?"

"Hapana. Baki uangalie mahali itakaa. Na usiguse ghala yangu, unasikia?" Akaligusa pindo la leso, akaenda zake, akinong'ona wimbo wa Bi Zubeida na kuukosea.

Gerishon akavua kofia, akainamisha kichwa, akaingia jikoni. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu aingie mle kwa zaidi ya kuomba moto wa sigara. Hakujua sufuria kubwa hukaa wapi. Alitazama dari jeusi, akatazama kona, asione pa kuitundika taa. Mwishowe akavuta kile kigoda kifupi cha mkewe, akakikalia, akanyoosha mikono mbele yake kama anayemenya viazi, na kuigeuza polepole, huku na huku, aone kivuli kinaangukia wapi.