Igiseke Kilichobaki Dukani

Mama alimkabidhi Akimana igiseke, kile kikapu chenye mfuniko uliochongoka, kimejaa unga wa ulezi mpaka juu. "Peleka Kibondo kwa bibi yake Moses anayetaka kuoa kwetu. Wakikirudisha kimejaa, ujue wamemkubali dada yako Jeanne. Umenisikia?"

Alisikia. Lakini Akimana ni mtoto wa kidato cha tatu ambaye hata kuitika jina lake darasani anaona shida. Kufika stendi ya Kasulu na kikapu kichwani, uso kwa uso na Firdausi wa darasani kwao.

"Heee! Shoga, wewe ndo bibi harusi ama ndo mpishi?" Firdausi akacheka mpaka makonda wakageuka.

Mashavu yakamwaka. Akakimbilia dukani kwa Ridhiwani. Humo kulikuwa na boksi la biskuti, jekundu, lina utepe wa dhahabu, kubwa kama mto wa kulalia. Akamwomba wabadilishane: achukue unga, ampe boksi.

"Na kikapu?"

"Kikae tu."

Safari nzima alilipakata lile boksi kama mtoto mchanga, anajisifu kimoyomoyo kwamba leo kaonyesha akili.

Kibondo wakampokea kwa vigelegele. Bibi Theodosia akalipokea boksi kwa mikono miwili, kisha akachungulia nyuma ya Akimana kama vile kuna kingine kinakuja. Hakikuja. Basi akaanza kufungua.

Akatoa utepe. Akatoa nailoni. Akafungua boksi, ndani kuna boksi jingine. Ndani ya hilo, karatasi ya kung'aa. Ndani ya karatasi, sahani ya plastiki yenye vishimo. Kwenye kila kishimo, kipakiti. Na ndani ya kipakiti, biskuti moja. Moja! Tena ya kwanza ilikuwa imevunjika.

"Endelea mama, chakula kiko mbele," alisema Bazilio, baba mkubwa wa Moses, na watu wakacheka.

Bibi akaendelea. Kicheko kikapungua. Maganda yakapanda mkekani mpaka usawa wa magoti yake, na biskuti zote zikaenea kwenye kisosi cha chai. Hapo hakuna aliyecheka tena.

"Mwanangu," Bibi alisema polepole, "sasa mimi nirudishe nini? Nikujazie maharage humu?" Akainua kipakiti kimoja. Upepo ukakichukua mkononi mwake.

Bazilio akasimama. "Jamani, mbona hamwelewi? Mtu akikuletea kitu ndani ya kitu cha kutupa, anakwambia usimrudishie chochote, usikanyage kwake. Tumekataliwa. Tena kwa utepe!"

Mama yake Moses akashika kichwa. Moses mwenyewe alisimama mlangoni kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Harusi ya dada yake inakufa pale pale mkekani, na muuaji ni yeye.

"Kipo," akasema. Sauti ilitoka ndogo kama ya kifaranga.

"Nini kipo?"

"Igiseke. Mama alinipa. Nimekiacha dukani, Kasulu. Niliona aibu kukibeba."

"Hayo ni maneno matupu," Bazilio alisema. "Mpigie mwenye duka. Weka spika, wote tusikie."

Akapiga.

"Kikapu?" Sauti ya Ridhiwani ikajaa nyumba nzima. "Si ulisema kikae? Nimekiweka mlangoni, wateja wanatupia makaratasi ya pipi na vifuko vya barafu. Kinafaa kweli, mdogo wangu! Au nikutafutie kingine?"

Uuuwi! Bibi akaziba mdomo kwa kanga. Mama yake Moses akaita jina la Mungu. Igiseke cha posa, kimekuwa pipa la taka!

Bibi ndiye aliyeinamia simu. "Wewe mwenye duka. Mwaga huo uchafu, kifute, umpe konda wa gari la asubuhi. Kije hata kitupu. Kukijaza ni kazi yangu."

Asubuhi kikaja kimekaa siti ya mbele kama abiria. Bibi akakifuta tena mwenyewe, akakijaza maharage ya njano. Kisha akayakusanya yale maganda yote, akayakunja, akayapanga juu, akafunika.

"Kwangu hakibaki cha watu," akasema. "Kilichokuja kinarudi."

Akimana akashuka nacho stendi ya Kasulu, kichwani. Firdausi alikuwepo. "Heee, bado tu mpishi?" Akimana hakuinamisha uso. Angeinama vipi na igiseke kiko juu?

Nyumbani, Mama na Jeanne walikuwa wanamsubiri mlangoni. Mama akafunua mfuniko. Macho yakamtoka. Akauinua ule utepe wa dhahabu kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika nyoka. Jeanne akakaa chini, vumbini.

"Takataka?" Mama alisema. "Wametujazia takataka? Yesu wangu, wamemkataa mwanangu!"

Akimana akapiga magoti, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi ya maharage.

"Haya ni ya Jeanne, mama," akasema. "Hayo ya juu ni yangu."