Mtungi Usio na Pini

Wifi yangu alizima moto mara tisa ndani ya miwani, na mara zote tisa alipata mia kwa mia. Alama hizo niliziandika mimi mwenyewe.

Miwani yenyewe ni ile mikubwa inayofunika nusu ya uso. Ukiivaa unajiona umesimama katikati ya karakana yetu ya magodoro, sponji zimerundikwa hadi darini, kisha moto unawaka pembeni. Meneja aliinunua kwa kazi mbili: wanunuzi wa mbali waitembelee karakana wakiwa wamekaa ofisini kwao, na sisi tujifunze kuzima moto bila kuunguza kitu. Mimi nilikuwa mshonaji. Lakini nilikuwa nimesoma kompyuta madarasa ya jioni, nikaenda hadi mimba ikiwa ya miezi minane na viatu havinitoshi tena, kwa hiyo nikakabidhiwa chumba cha miwani. Nikimaliza miezi sita vizuri, napewa mkataba wa kudumu. Nilishaanza kumwambia mwanangu habari za huo mkataba wakati namnyonyesha.

Ukutani nilibandika maneno matatu: Shika, lenga, bonyeza. Mkononi unashika kidude cha plastiki, chepesi kama kijiko, ambacho ndani ya miwani kinaonekana mtungi wa kuzimia moto. Ukibonyeza kitufe kwa kidole cha shahada, unga mweupe unaruka na moto unakufa. Wifi, anayekata sponji, alikuwa akiuzima huku anacheka. Alisema moto wa humu una adabu kuliko kaka yake, ukiambiwa nyamaza unanyamaza.

Jumanne mchana cheche ziliruka kutoka kwenye mashine yake, zikaangukia mabaki ya sponji sakafuni. Nilikuwa mlangoni, nikaona yote. Wifi hakukimbia. Aliutoa ukutani ule mtungi mwekundu wa kweli, akaulenga penyewe hasa, kisha kidole chake cha shahada kikaanza kubonyeza. Kilibonyeza chuma kitupu. Pini ya usalama ilikuwa bado mahali pake, na bila kuivuta ile pini mtungi hautoi kitu. Mimi nami nilisimama pale nikimwambia, "Bonyeza, wifi, bonyeza."

Fundi wa mashine alikuja na blanketi akaufunika moto, lakini mkono wa kushoto wa wifi ulikuwa umeshaungua hadi kwenye kiwiko.

Kesho yake meneja aliniita. Aliuliza kwanza hali ya mgonjwa, na sidhani kama alikuwa anaigiza. Kisha akanikumbusha kwamba Ijumaa wanunuzi wanakuja kuijaribu miwani kabla ya kupelekewa ofisini kwao, na wakisikia imemfundisha mtu vibaya hawatarudi. Akanisogezea fomu ya ajali. Chini yake niliona mkataba wangu.

"Andika alipigwa na bumbuazi," alisema. "Alifaulu mara tisa. Tatizo ni woga wake."

Nilimwomba siku moja. Karakana nzima inajua kwamba mtu aliyeandikwa mwoga hakai kwenye mashine ya kukatia, na wifi hana kazi nyingine.

Jioni nilimkuta wifi nyumbani amekaa kitandani, mkono umefungwa bandeji, mwanangu amelala kwenye paja lake. Nilimweleza kila kitu, mpaka habari za mkataba. Alimpapasa mtoto mgongoni.

"Niambie kweli," akasema. "Pale nilikosea wapi?"

"Hukukosea, wifi. Ulifanya vilevile nilivyokufundisha."

"Basi andika unavyotaka. Ila mwoga usiniandike."

Alhamisi asubuhi niliandika: Mfanyakazi hakuogopa. Mtungi wa kwenye miwani hauna pini, na mimi mfundishaji sikuitaja. Meneja alisoma mara mbili. Hakufoka. Aliuchukua mkataba wangu, akautia kwenye droo, akasema tutazungumza baada ya wageni kuondoka.

Nilirudi chumba cha miwani. Nilimwomba fundi mtungi mkuukuu uliokwisha unga, nikauweka mlangoni pini ikiwa mahali pake, na ukutani nikaongeza maneno mawili juu ya yale matatu: Vuta pini. Kila aliyevua miwani ilibidi aushike ule wa kweli kabla hajatoka. Wa kwanza alikuwa mpakiaji mmoja, naye ana mia zake. Akaukamata, akalenga, kidole kikabonyeza chuma. Tukatazamana.

Wifi alikuja mchana, bandeji na yote. Nilimwambia akapumzike, akajifanya hasikii. Kwa kuwa mkono wake mmoja haufai, niliukumbatia mtungi kifuani kama ninavyombeba mwanangu, naye akaivuta pini kwa mkono wa kulia. Ilikuwa ngumu kuliko tulivyodhani. Ilipotoka, alikandamiza kishikio kwa kiganja kizima.

"Na ule mkataba?" aliuliza.

"Uko kwenye droo."

Akairudisha pini kwenye tundu lake taratibu.

"Shika vizuri, wifi," akasema. "Tena."