Seva Isiyoona Diski Zake

Vuuuuu… ile sauti ya juzi usiku bado imo masikioni, feni za mashine ziliponguruma mara ya kwanza na nyumba nzima ikatetemeka, jirani yangu Kaluki akagonga ukuta, Mama Lynn, umefungua posho mill ya kusaga unga ama, nikacheka peke yangu gizani na roho iko mkononi, na sasa ni mchana, inanguruma vilevile, nimepiga magoti hapa chumbani, Lynn mgongoni, na sebuleni kina mama wa chama wameshaketi, maana chama chetu hakikupi pesa zamu yako ikifika, unanunuliwa kitu, halafu siku moja wanakuja wote, leso kiunoni, kukiona kikifanya kazi, cherehani ishone, sufuria ipike, ndipo kiombewe, na changu mimi ni seva, ile kompyuta kubwa ya kuhudumia nyingine, kuukuu ya mnada wa Thika, na haioni diski zake… ziko, nimezigusa, taa zinawaka kijani, lakini kila nikianza kuweka mfumo wa kuiendesha inaniandikia hakuna diski, hakuna diski, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa, na jana fundi mmoja wa kule Ruiru aliichungulia tu, Madam, hiki ni chuma, peleka kwa watu wa skrapu, nusura nilie mbele yake, kwa sababu isipoamka basi Jumatatu narudi kiwandani, supavaisa ameshapiga simu, na Lynn anarudi kuachwa na watu, mara ya mwisho nilimkuta amelia hadi sauti imeisha, sitaki, aki sitaki, nataka nikae hapa hapa Murera, niijaze masomo, watoto wa hizi ploti wafungue kwa simu bila bando ya intaneti, wazazi wanitolee kidogo kidogo… "Mama Lynn! Hiyo chai imechemka ama ng'ombe bado anakamuliwa?" Rachael huyo, wanacheka, nakuja, nakuja… lakini leo asubuhi, Ngai, leo asubuhi nikinyonyesha kwa mkono mmoja nilisoma namba ya ile kadi inayoshika diski, nikaitafuta kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka nikakuta watu wanalia kilio changu kabisa, seva kama yangu, hakuna diski kama yangu, na mmoja akaeleza, mashine yako ni nzima, ni mfumo mpya ulioacha kubeba draiva, zile programu za kuongea na kadi za zamani, watengenezaji walizitoa tu, lakini wako watu wa kujitolea wanaozitunza, chukua yako, weka kwenye flashi, uupe mfumo kabla haujaanza kutafuta diski… si mbovu! nilidhani nimenunua maiti, kumbe ni mzee asiyejua lugha ya siku hizi, anataka mkalimani tu… draiva ya kwanza ikakataa, kwa sababu nilichukua iliyo mpya zaidi, mjinga mimi, na draiva haitaki upya, inataka kulingana na toleo la mfumo wenyewe, nikashusha nyingine, bando ikakatika katikati, nikaazima ya Kaluki, na hii hapa, flashi imo, nimechagua, nimebonyeza, maandishi yanakimbia juu, yanakimbia… na ikikataa tena nitawaambia, naapa, ni Cucu Wamboi, nyanya yetu mweka hazina wa chama, tulikuwa naye mnadani, kulikuwa na nyingine nyembamba, changa, nilikuwa nimeishika, yeye akainua hii kama anavyoinua sufuria sokoni, mwana wakwa, mwanangu, kitu kizuri ni kizito, chukua hii, na mimi na cheti changu cha form four nikachukua, nikapimiwa kompyuta kwa kilo kama viazi, ni yeye, nitamtaja mbele ya wote… "Hebu nyamazeni kidogo." Sauti yake hiyo, kupitia pazia. "Hiyo mashine nilimchagulia mimi, mtoto alitaka ile nyembamba. Ikikataa makosa ni yangu, zamu yangu apewe yeye." "Na tangi lako la maji, Cucu?" "Nimechota mtoni maisha yangu yote, kwani mto umehama?" wanacheka tena, na mimi nimeganda hapa, uso unawaka moto, zamu yake, tangi lake, ule mgongo wake umeshapinda kwa mitungi, na mimi nilikuwa hapa nanoa ulimi… maandishi yamesimama, skrini imekuwa nyeusi, usinifanyie hivyo, tafadhali, imerudi, inatafuta… diski ya kwanza. Ya pili! Zote, zimejipanga kama watoto asubuhi shuleni, inaziona, wuui, inaziona, nataka kupiga ngemi, vigelegele, mpaka watu wa kule Theta wasikie, machozi haya ni ya nini sasa… "Mama Lynn, tuje tujipikie?" nakuja, feni zinanguruma vilevile, chai haijamiminwa, hata magoti sijainua, nitatoka niwaambie hii imechaguliwa na Cucu Wamboi, kwa mikono yake mwenyewe, na ombi la kwanza liwe lake, lakini yale mengine, yale niliyokuwa nimeyaandaa, labda wewe Lynn umeyasikia kupitia mgongo wangu, na wewe bado huna maneno, basi yakae hapo mgongoni, mtu mwingine sitamwambia.