Kule Chini Mguu Hauumi

Fintan Mulvihill alishuka ngazi za ghorofa nne kwa makalio. Kidato kimoja, akapumzika, kidato kingine, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele kama mzigo wa mtu mwingine, na kola ya koti ameiuma kwa meno ili majirani wasimsikie. Mkewe Honora alitangulia na ndoo tupu, akiwaambia waliotaka kupanda wangoje kidogo, kuna mtu anapita. Walipofika mlangoni, mtaa wa Cherry, alimshika kwapani akamsimamisha, akamkung'uta vumbi la suruali.

"Tembea nikuone."

Akatembea hatua tatu. Honora akageuza uso.

"Ukipita hivyo mbele ya daktari, atakufuta kazi kabla hujamfikia."

"Sipiti peke yangu," Fintan akasema.

Goti lilikuwa limefungwa kitambaa cha sufu kilichochovywa siki. Kitambaa kilikuwa cha Nuala Tormey, wa chumba cha pili. Mumewe, Cormac, alikuwa zamu moja na Fintan hadi Jumanne ya wiki iliyopita. Siku hiyo alitoka chini, akapewa kikombe cha kahawa, akasema kichwa kinamgonga, akafa kahawa ingali ya moto. Alfajiri hii Nuala mwenyewe ndiye aliyegonga mlango, kitambaa mkononi. Alisema kwake hakuna tena wa kufungwa.

Asubuhi hiyo daktari wa kampuni angewakagua watu wote langoni, na anayechechemea hana kazi. Fintan alikuwa na watoto watatu. Lakini palikuwa na jambo jingine, ambalo hata Honora alilisikia juzi tu. Kule chini mguu hauumi.

Wote walioshuka walilijua. Chini ya mto, pale ambapo mnara wa daraja ungesimama na kubeba kamba zake za chuma hadi ng'ambo ya Brooklyn, palikuwa na sanduku la mbao kubwa kama uwanja wa kanisa, mdomo chini. Mashine zilisukuma hewa ndani yake usiku na mchana ili maji yasiingie. Watu walichimba mchanga ndani, waashi wakaongeza mawe juu yao, na sanduku likazidi kuzama. Sasa lilikuwa limepita futi sabini. Hewa ile mtu akiwa ndani yake haimfanyi kitu. Akitoka, ndipo viungo vinapokatika. Akirudi, vinanyamaza. Mshumaa ukiupuliza kule unawaka tena wenyewe, ila maumivu yanazimika.

Wenzake waliuita ugonjwa ule mwendo wa mabibi, maana mgonjwa hujikunja kiuno na kutoa makalio nyuma, sawasawa na wake wa matajiri wa Broadway katika magauni yao ya mtindo mpya. Nao walikuwa na dawa yao ya ukaguzi. Walisubiriana nje ya lango, wakajipanga bega kwa bega, mgonjwa katikati, wawili wakamwinua kwa viwiko, na wote wakapita wakipiga domo kwa sauti.

"Umependeza leo, bibie," Packy Drumm akasema, akimshika mkono wa kushoto. "Gauni umeliacha wapi?"

"Nimemwazima mama yako."

Wakacheka. Lenz, Mjerumani, akamshika mkono wa kulia, wakampitisha miguu ikigusa mbao kwa ncha za vidole. Daktari aliinua macho mara moja, akaandika, akayarudisha kwenye daftari.

Ila kwenye mdomo wa shimo alikuwapo Harkness, nyapara. Akainua fimbo yake, akasema Mulvihill abaki, wengine watangulie. Packy na Lenz waliendelea kumshikilia muda kidogo. Kisha wakamwachia, na Fintan akashika uzio.

Ofisi ya Harkness ilikuwa ya mbao, na kiti kimoja. Harkness akakikalia.

"Mimi si kipofu, Mulvihill."

"Hapana, bwana."

"Unataka kushuka?"

"Ndiyo, bwana."

Harkness akavuta karatasi kutoka chini ya nyingine. Kwa kuwa Fintan hakujua kusoma, alimsomea, polepole, kama anayesomea mtoto. Karatasi ilisema kwamba yeye, Fintan Mulvihill, wa zamu moja na marehemu, alimwona Cormac Tormey amelewa siku ile kabla ya kushuka, na siku nyingi nyingine. Ofisa wa kuchunguza vifo angeipokea mchana. Mtu akishuka amelewa amejiua mwenyewe, Harkness akafafanua, na kampuni haina fidia ya kumpa mjane wake.

"Cormac hakuwa akinywa, bwana. Aliapa mbele ya padri asiguse pombe. Amezikwa na medali yake ya kiapo."

"Sikukuuliza amezikwa na nini."

"Mkewe ni jirani yangu."

"Vizuri. Atakusaidia kupanda ngazi." Harkness akaanza kuikunja karatasi, bila haraka. "Langoni wamejaa, na kila mmoja ana miguu miwili. Wamekuja kwa meli kama iliyokuleta wewe."

Mguu ulianza kutetemeka. Maumivu yalitoka gotini yakapanda nyongani, yakaingia mgongoni na kukaa humo yakitafuna. Fintan hakuwa akimfikiria Nuala wala medali. Alikuwa akiutazama mdomo wa shimo kupitia dirishani. Akanyoosha mkono, akapewa kalamu, akaweka msalaba wake pale alipoonyeshwa. Harkness akachota mchanga katika kopo, ule ule wa chini, akaunyunyizia wino ukakauka.

Katika chumba cha chuma cha kushukia mlango ulifungwa nyuma ya Fintan na wengine wa mwisho, koki ikafunguliwa, hewa ikapiga mayowe na joto likapanda. Watu wakabana pua na kumeza mate. Masikio ya Fintan yakauma, kisha yakafunguka, na goti nalo likafunguka, kama fundo lililolegezwa. Alipokanyaga mchanga alikuwa tena mtu wa miaka thelathini. Akatwaa beleshi, akachimba kazi ya watu wawili. Packy akatangaza kwamba bibie amepona. Fintan akacheka, na sauti ikamtoka nyembamba kama ya ndege, kama zinavyotoka sauti zote kule, jambo lililomchekesha zaidi. Karibu saa nzima hakumkumbuka mtu yeyote.

Kisha mpimaji akaja na taa, akaandika kwa chaki kwenye boriti, akawaita. Uchimbaji umekwisha, akasema. Mwamba haujafikiwa, lakini mchanga huu ni mgumu wa kutosha, na watu wanazidi kufa, wakubwa wameamua. Zege litajazwa sanduku zima, kutoka kingoni kuja katikati, mpaka darini, na mnara utasimama juu yake milele. Akasoma majina machache ya watakaobaki kumwaga zege. Waliosalia wapande, warudishe mabuti, hawana kazi tena. Jina la Mulvihill halikuwamo.

Watu wakashangilia kwamba wametoka hai. Packy akapiga ishara ya msalaba.

"Wameamua lini?" Fintan akauliza.

"Jumamosi," mpimaji akasema, kwa uso wa mtu aliyeleta habari njema. "Manyapara wote walishaambiwa."

Wakaelekea ngazini, kila mmoja na mshumaa wake. Packy akarudi hatua chache, akamgusa bega: twende, kaka, kahawa inapoa. Fintan akalishika beleshi kwa mikono miwili. Lenz akamvuta Packy mkono, wakaenda. Mpimaji alimwambia aweke beleshi chini, akamwambia tena, kisha akaenda kuwapokea watu wapya waliokuwa wakishuka.

Alisimama katikati ya mchanga, wima, uzito wake sawa kwa miguu yote miwili. Watu wapya walikuja na magunia ya saruji mabegani. Wa kwanza alimwomba apishe. Wa pili hakuomba. Waliyapanga magunia kumzunguka.